Kazi, Kibarua na Shughuli: Tafsiri ya "Work" Mbele ya Usemi wa Mombasa

Atakaye kujua neno la Kiingereza "work" ni nini kwa Kiswahili huelekezwa na makamusi, aghalabu, kwenye neno moja: kazi. Jibu hilo si la uwongo, walakini ni pungufu, na upungufu wake hudhihirika katika usemi wa Mombasa.

Kwanza, kazi yenyewe haina maana moja. Seremala wa milango akiambiwa ana kazi nzuri, kinachosifiwa ni ufundi wake, wala si mshahara. Na asemwapo mtu kuwa "ana kazi", huenda ameajiriwa, huenda yumo taabuni.

Pili, kuna kibarua. Neno hili ni udogo wa barua, yaani cheti alichopewa mtu wa kutwa. Kutoka kwenye karatasi lilihamia kwa mtu mwenyewe, kisha kwa ajira yake. Ndiyo maana aliyefukuzwa husemwa kuwa kibarua chake kimeota nyasi. Huko Kilindini maana hizi hazikuwa za vitabuni. Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Mombasa waligoma wakidai malipo bora, na katika miaka ya 1950 ajira ya kutwa bandarini ilianza kupunguzwa kwa kuwaandikisha makuli. Mfasiri atumiaye "kazi" tupu kwa wote hao hufuta tofauti baina ya aliye na uhakika wa kesho na asiye nao.

Tatu, kuna shughuli, neno lenye asili ya Kiarabu. Hilo hubeba pirika za kila siku, na hubeba pia arusi na hafla nyinginezo. Katika Mji wa Kale, mwanamke akandaye unga wa mahamri alfajiri, akapika, akalea na kuuguza, akiulizwa kama afanya kazi huweza kujibu, "Sina kazi, nipo nyumbani tu." Shughuli, hata hivyo, hazimwishi. Basi hojaji iliyotafsiri "work" kwa kazi peke yake itamhesabu kuwa hana alifanyalo, na kosa la mfasiri litageuka kuwa takwimu.

Kwa hiyo kamusi haina budi kuyaweka maneno haya matatu pamoja chini ya "work", kila moja na mfano wake wa matumizi. Kisawe kimoja humfaa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mfasiri anahitaji zaidi ya hapo.