Damu ya Siku Moja: Tahakiki ya Uthabiti wa Vipimo vya Mchochota katika Nyanda za Kati

Mchochota, yaani mwitiko wa mwili unapovamiwa na vimelea au unapojeruhiwa, huacha viashiria vyake katika damu. Kinachopimwa zaidi ni protini ijulikanayo kwa kifupi kama CRP, iliyogunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa kichomi. Tafiti nyingi humtoa mshiriki damu mara moja, hupima protini hiyo, kisha humweka katika kundi la wenye mchochota au la wasio nao. Tahakiki hii inahoji hatua hiyo ya mwisho. Hoja yake ni kwamba kipimo kimoja huieleza siku, hakimwelezi mtu.

CRP hupanda ndani ya saa chache na kufikia kilele baada ya takribani siku mbili. Chanzo kikikoma, kiasi chake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Mtoto wa Chamwino aliyekuwa na homa Jumatatu aweza kuonekana hana mchochota Jumatatu inayofuata. Hata maabara ikipima bila kosa, mtu mwenyewe amekwisha kubadilika.

Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Varianisi, yaani kiasi cha mtawanyiko, iwe 3 baina ya watu na 2 ndani ya mtu mmoja. Uthabiti wa kipimo kimoja ni 3 kugawanywa kwa 5, yaani 0.60, wa wastani wa vipimo viwili ni 0.75. Mtafiti anayetumia kipimo kimoja kubashiri ugonjwa ataona asilimia 60 tu ya ukubwa halisi wa uhusiano. Aweza kuandika kwamba uhusiano haupo, kumbe kipimo chake ndicho kilichoufifisha.

Wataalamu wa Marekani waliitambua kasoro hii. Mwongozo wao wa mwaka 2003 kuhusu maradhi ya moyo ulipendekeza wastani wa vipimo viwili vinavyoachana kwa takribani wiki mbili. Kipimo kikizidi miligramu 10 kwa lita, chanzo cha maambukizi kitafutwe na kipimo kirudiwe. Pendekezo hilo ni la busara, lakini haliwezi kuhamishiwa Dodoma bila kuhojiwa. Huku mvua hunyesha katika msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili. Vipimo viwili vya Machi vyote ni vya masika: wastani wake hupunguza tofauti za siku, hauondoi za msimu. Aidha, kuwaengua waliozidi miligramu 10 mahali penye maambukizi ya mara kwa mara ni kuwaengua wale wale wanaougua zaidi.

Suala hili si la takwimu pekee. Huko Pemba, jaribio lililochapishwa mwaka 2006 lilionesha kwamba watoto waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki walilazwa au kufariki kwa wingi zaidi, ilhali wale waliokuwa na upungufu halisi wa chuma pamoja na anemia walinufaika. Kumtambua mwenye upungufu ni jambo la uhai. Feritini, kiashiria cha akiba ya chuma, nayo hupandishwa na mchochota. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaweka kizingiti cha mikrogramu 12 kwa lita kwa mtoto mzima wa chini ya miaka mitano, na 30 kwa mwenye maambukizi au mchochota. CRP ya siku moja ikikosea, kizingiti nacho kimekosewa.

Inapendekezwa, basi, kwamba utafiti wowote katika nyanda hizi upime angalau sehemu ya washiriki wakati wa masika na tena wakati wa kiangazi, uripoti uthabiti uliopatikana papo hapo badala ya kuazima wa kwingine, na uchanganue matokeo pamoja na vipimo vya juu na bila vyo. Bajeti ikibana, ni heri washiriki wachache waliopimwa mara mbili kuliko wengi waliopimwa mara moja.