Eti volti 12 zitaunguza waya za volti 6?

Ukiwa na Volkswagen Beetle ya zamani, ile yenye umbo la kobe, na ukataka kuitoa volti 6 kuipeleka volti 12, utasikia ushauri wa aina mbili. Mmoja anakuambia usithubutu, umeme ukiwa mara mbili waya zitaungua. Mwingine anakuambia hamna shida, weka betri mpya na balbu, basi. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni lilelile.

Tuanze na haki ya gari lenyewe. Beetle ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1962, na Beetle za enzi hizo zilitoka kiwandani na volti 6. Volkswagen ilianza kuhamia volti 12 kwenye modeli ya 1967. Kwa hiyo volti 6 si ubovu. Shida inakuja miaka 60 baadaye, viungio vikishashika kutu na taa zikawa kama vibatari. Ukitoka Makutano kwenda Butiama usiku, ng'ombe unataka kumwona mapema.

Sasa hebu tumjibu yule wa kwanza kwa hesabu ya haraka. Taa ya wati 45 kwenye volti 6 inavuta ampia 7.5. Taa ya wati 45 iliyotengenezwa kwa volti 12 inavuta ampia 3.75 tu. Tuseme waya na viungio vyake vina ukinzani wa omu 0.1. Joto la waya ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Kwenye volti 6 unapata kama wati 5.6, kwenye volti 12 wati 1.4. Robo! Yaani waya zilezile nene za zamani zinapumua. TANESCO nao hawakuchagua kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga kwa mbwembwe: volti zikipanda, mkondo unashuka, na hasara njiani inapungua.

Hofu hii imetoka wapi? Nadhani imetoka darasani. Tunakaririshwa kanuni ya Ohm kwamba volti zikipanda mkondo unapanda, tunafanya maswali kumi, tunafaulu. Sharti lake linamezwa: *ukinzani usipobadilika*. Balbu ya volti 6 ya wati 45 ina ukinzani wa omu 0.8 ikiwaka, ile ya volti 12 ina 3.2. Umebadilisha balbu, umebadilisha ukinzani. Mwanafunzi anayejua kanuni bila sharti lake atakuwa fundi mwenye hofu, au fundi mwenye haraka.

Huyo wa haraka ndiye wa pili. Yeye anasahau vifaa vilivyobaki. Koili, mota ya wipa na honi ukinzani wao haujaguswa. Ukiwapa volti mara mbili, mkondo unakuwa mara mbili na joto mara nne. Hapa onyo la yule wa kwanza lina ukweli, ila kinachoungua ni kifaa, si waya. Dinamo na regyuleta za volti 6 nazo haziwezi kujaza betri ya volti 12, utaishia kusukuma gari. Starta ya zamani wengine huiacha kwa sababu inafanya kazi sekunde chache, lakini inagonga meno ya flaiwili kwa nguvu zaidi. Na ukitaka starta mpya, flaiwili ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina 130, kwa hiyo haiingii hivihivi. Fyuzi pia zipunguzwe, maana mkondo wa kawaida umeshuka, na ile kubwa ya zamani itachelewa kukatika.

Tena usidhani kila gari kuukuu ni volti 6. Morris Minor na Land Rover za mwanzo zilikuja na volti 12 toka kiwandani.

Kwa hiyo ukimpelekea fundi wako, usimuulize kama waya zitahimili. Kaa naye, mwandike kila kifaa kinachokula umeme kwenye gari, na mbele ya kila kimoja muandike: kimebadilishwa, au bado? Palipoandikwa "bado" ndipo moshi utakapotokea.