Uvimbe Chini ya Jicho la Mbwa: Jinsi Jino la Mizizi Mitatu Lilivyong'olewa

Uvimbe ukitokea chini ya jicho la mbwa, wengi hukimbilia kulitibu jicho. Mbwa jike ninayemzungumzia hapa, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa ameshatiwa dawa ya matone na kumaliza dozi mbili za antibiotiki. Kila mara uvimbe ulinywea, dozi ikaisha, ukarudi. Mara ya tatu ukapasuka na kutoa usaha. Jicho lilikuwa zima kabisa. Ugonjwa ulikuwa kwenye jino.

Mbwa mzima ana meno 42. Taya la juu lina gego kubwa la kukatia nyama, la nne ukihesabu kutoka nyuma ya chonge, lenye mizizi mitatu: miwili mbele na mmoja nyuma. Ncha za mizizi hiyo zimejikita kwenye mfupa ulio chini tu ya jicho, ndiyo maana usaha wake hutokea usoni. Gego hilo ndilo mbwa analotumia kuvunjia mifupa, na mfupa ukiwa mgumu kulishinda, ubavu wa gego hubanduka. Kiini chenye damu na neva kinabaki wazi, bakteria wanaingia, kiini kinakufa, na maambukizi yanapanda hadi kwenye ncha za mizizi. Antibiotiki husafiri na damu, na kiini kilichokufa hakina damu. Kwa hiyo dawa hupunguza usaha ulio nje ya mzizi, lakini chanzo hakiguswi.

Dalili ilikuwepo muda mrefu kabla ya uvimbe. Ulipounyanyua mdomo wake upande wa kulia, uliko ugonjwa, ukoga wa kahawia ulikuwa umegandamana juu ya magego. Kushoto meno yalikuwa karibu meupe. Mbwa alikuwa ameacha kutafunia kulia. Mwenye mbwa alisema mbwa wake anakula vizuri, na alisema kweli, kwa sababu mbwa mwenye jino bovu mara nyingi haachi kula, huhamia upande wa pili tu. Kila anayefuga mbwa na anyanyue midomo yote miwili na alinganishe. Inachukua dakika moja.

Baada ya vipimo vya damu vya ini na figo, mbwa alilazwa kwa nusu kaputi, akawekewa mpira kwenye njia ya hewa. Mpira huo una puto dogo linalojazwa upepo ili maji na uchafu wa kinywani visiteremke mapafuni. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaojitangaza kusafisha meno ya mbwa akiwa macho. Hao wanakwangua kinachoonekana. Maradhi ya fizi na mizizi yako chini, ambako mbwa aliye macho hakubali kuguswa. Meno yanang'aa, mwenye mbwa anaridhika, ugonjwa unaendelea.

Ikafuata picha ya eksirei iliyopigwa kinywani. Kuzunguka ncha za mizizi palionekana doa jeusi, mahali ambapo mfupa ulikuwa umekwisha kuliwa. Daktari akadunga ganzi kwenye neva ya taya la juu, kwani nusu kaputi humlaza mnyama lakini ganzi ndiyo inayomwamsha bila maumivu makali.

Gego la mizizi mitatu halivutwi kwa koleo. Mizizi imetanuka kila mmoja na upande wake, na ukilazimisha huvunjika na kubaki ndani. Kwanza ufizi ulichanwa na kuinuliwa, mfupa mwembamba wa nje ukapunguzwa kwa keekee ndogo inayomwagiwa maji ili usiungue. Kisha jino likakatwa vipande vitatu, kila kipande na mzizi wake. Hapo chombo chembamba mfano wa patasi kiliingizwa kati ya mzizi na mfupa, kikazungushwa kidogo na kushikiliwa hapo kwa sekunde kadhaa hadi nyuzi zinazoushika mzizi zilipochoka. Kuzungusha, kushikilia, kungoja. Kidole cha shahada kilikaa karibu na ncha ya chombo muda wote, maana kikiteleza kinaweza kutoboa jicho. Subira hii ndiyo ustadi wenyewe, na anayeharakisha huacha vipande.

Picha ya pili ilithibitisha kwamba hakuna kilichobaki. Kingo za mfupa zikalainishwa, ufizi ukashonwa kwa uzi unaoyeyuka, bila kuvutwa, kwa sababu mshono uliokazwa sana hufumuka.

Nyumbani alipewa chakula laini na dawa ya maumivu ya wanyama iliyoandikwa na daktari. Ibuprofeni ya binadamu ni sumu kwa mbwa. Kidonda kikipona, meno yaliyobaki yapigwe mswaki kila siku, hasa upande wa nje, kwa dawa ya meno ya mbwa. Baadhi ya dawa za meno za binadamu zina zailitoli, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa na kuharibu ini lake.

Kuhusu mifupa, bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba kitu unachotaka kumpa mbwa atafune. Kisipobonyea, ni kigumu mno kwa meno yake. Mfupa wa mguu wa ng'ombe, ambao watu wengi humtupia mbwa kwa mapenzi, haubonyei hata kidogo.