Mwiba wa Kujidunga: Raha ya Sinema Nyeusi katika Double Indemnity

Katika mijadala yetu ya uhakiki kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: kazi hii ina funzo gani? Mtu akisema kwamba kazi imempendeza, huonekana bado hajahakiki; ameburudika tu, basi. Makala haya yananuia kuitetea raha hiyo kwa kuichunguza sinema moja, Double Indemnity ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Billy Wilder. Hoja ninayoisimamia ni kwamba raha ya sinema hii haikuwekwa kama asali ya kumezea dawa. Raha yenyewe inatufikisha mahali ambapo funzo peke yake lisingetufikisha.

Tuanze na jina. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha na sinema za Marekani zikiwa zimeanza tena kuonyeshwa Paris, mhakiki Nino Frank aliona kundi la hadithi za upelelezi na mauaji zenye giza la aina yake. Akaziita sinema nyeusi. Weusi huo ni wa vivuli na wa nia za watu. Hauhusiani na rangi ya ngozi. Kadhaa kati ya waliozitengeneza walikuwa wakimbizi kutoka Ulaya. Wilder mwenyewe aliondoka Berlin mwaka 1933, Hitler alipoingia madarakani. Hadithi ya Double Indemnity aliitoa katika riwaya ya James M. Cain, na mchezo wa sinema akauandika pamoja na Raymond Chandler, ambaye naye alikuwa mtunzi wa riwaya za upelelezi.

Hadithi yenyewe ni fupi. Walter Neff ni wakala wa bima mjini Los Angeles. Anakwenda kwenye nyumba ya Bwana Dietrichson kuhuisha bima ya gari, anakutana na mke wa mwenye nyumba, Phyllis, na macho yake yanaganda kwenye kikuku alichovaa. Punde si punde wawili hawa wanapanga kumuua mume baada ya kumkatia bima ya ajali kwa hila. Bima hiyo ina kifungu kinacholipa maradufu kwa ajali za nadra, kama ile ya kuanguka kutoka kwenye treni. Kwa hiyo lazima marehemu aonekane ameanguka kutoka kwenye treni.

Sasa hebu tuangalie jinsi inavyosimuliwa. Sisi tuliomsoma Muhammed Said Abdulla tumezoea mwendo mwingine. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), maiti inaonekana, Bwana Msa anawasha kiko, nasi tunakimbizana naye mpaka tumjue muuaji. Mtu akikunong'oneza jibu kabla hujafika mwisho, amekuharibia uhondo. Wilder anafanya kinyume. Sinema haijatimiza hata dakika kumi, Neff anaingia ofisini usiku, ana risasi begani, anakaa mbele ya mashine ya kunasia sauti na kukiri yote: ameua kwa ajili ya pesa na mwanamke, na vyote viwili amevikosa. Basi! Muuaji tumeshamjua, sababu tumeshaijua, na mwisho tumeshaujua. Kimebaki nini cha kutukalisha kitini kwa zaidi ya saa moja na nusu?

Kimebaki namna. Chukua tukio linalofuata mauaji. Maiti imeshalazwa relini, wauaji wamerudi garini, na Phyllis anawasha gari. Haliwaki. Anajaribu tena, kimya. Wanatazamana. Hapo, mtazamaji mwenzangu, ujichunguze mwenyewe: unaomba gari liwake au lisiwake? Kila ninayemjua aliyeitazama sinema hii ameomba liwake. Neff ananyoosha mkono, anazungusha ufunguo, injini inaunguruma, nasi tunashusha pumzi pamoja na wauaji. Kumbe tumeshakuwa upande wao, na hakuna aliyetulazimisha.

Hiki ndicho ninachokiita elimu ya raha. Mwalimu anaweza kutwambia siku nzima kwamba mtu wa kawaida anaweza kuvutwa na uovu, tukaandika kwenye daftari na kusahau. Sinema hii haituambii. Inatuvuta, halafu inatuacha tujione tulivyovutika. Fani hapa haiwezi kuitwa ganda na maudhui kuitwa chungwa, kwani ukilimenya ganda hili hakuna kinachobaki ndani. Hata mwanga unafanya kazi hiyo. Mpigapicha John F. Seitz anaupitisha kwenye mapazia ya vibao, ukuta na suti ya Neff vinajaa michirizi, na wakala anayetoka kwenye jua kali la California anaonekana kama mtu aliyekwisha kufungwa kabla hajatenda kosa lolote.

Mtu wa funzo atasema: lakini si mwovu anaadhibiwa? Naam, anaadhibiwa, na hapa inafaa tujue sababu. Tangu 1934 hadi miaka ya 1960, studio za Hollywood zilibanwa na Kanuni za Utengenezaji zilizosimamiwa kwa miaka mingi na Joseph Breen. Kanuni hizo zilikataza uhalifu kuonyeshwa kwa namna ya kuwafanya watazamaji wauonee huruma, na mhalifu hakuruhusiwa kushinda. Hadithi hii ya Cain ilikataliwa na ofisi ya Breen mwaka 1935, ikakaa miaka kadhaa bila kutengenezwa. Kwa hiyo adhabu ya mwisho ilikuwa ushuru wa forodha: bila kuulipa, mzigo haupiti. Wilder aliulipa. Alipiga hata picha za Neff akinyongwa kwa gesi gerezani, kisha akaziondoa. Angetaka funzo tu, angeziacha. Aliona sinema yake imeshamalizika mapema zaidi, nami nitarudi hapo.

Kabla ya hapo kuna lawama nzito inayostahili kujibiwa. Wenzetu wanaohakiki kwa mtazamo wa jinsia husema sinema nyeusi ni hadithi ya kale ya Hawa na tunda: mwanamume mwema, mwanamke mwangamizi. Mimi nakubali nusu. Phyllis amechorwa kama nyoka mwenye nywele za dhahabu, tena nywele zenyewe za bandia. Lakini tusisahau anayesimulia ni nani. Karibu yote tunayoyajua juu ya Phyllis yanapitia kinywani mwa mshtakiwa, na mshtakiwa gani asiyetafuta wa kumtwika mzigo wake? Isitoshe, ulimi unamponyoka. Neff anaeleza kwamba kwa miaka mingi kazini alikuwa akiwaza jinsi mtu wa ndani angeweza kuitapeli kampuni. Ina maana wazo lilikuwa lake kabla ya kikuku. Phyllis alibisha hodi, mlango ukiwa tayari uko wazi.

Nusu ya lawama isiyojibika ni hii: mwishoni Phyllis anapigwa risasi gizani akiwa amekumbatiwa, na hakuna anayemwambia pole. Neff yeye anaambiwa. Katika sinema nzima, meneja wa madai wa kampuni, Barton Keyes, anapapasa mifuko akitafuta kiberiti cha kuwashia biri yake, hakipati, na Neff humwashia kwa kukwangua njiti na ukucha. Mwishoni Keyes anamkuta akimalizia kukiri. Neff anataka kukimbilia Mexico; Keyes anamwambia hatafika hata kwenye lifti. Kweli, anaanguka mlangoni. Anachomoa sigara, anashindwa kuiwasha, na Keyes, yule aliyewatega matapeli wa bima maisha yake yote, anapiga magoti na kumwashia.

Wahenga wetu wanasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kanuni za Breen zilisema hivyohivyo. Sinema nayo haikatai: mwiba ni wa Neff, kajidunga mwenyewe, wala hasamehewi. Hata hivyo pole anaambiwa, kwa njiti moja ya kiberiti, na sisi tunaona ni sawa kwa sababu tulishashusha pumzi naye garini. Asiyeonja raha ile ataiona njiti kama njiti. Kwa hiyo tunapoihakiki riwaya pendwa au sinema ya mauaji, tuendelee kuuliza funzo, si vibaya, lakini tuulize pia: kazi hii imenifurahisha wapi, na nilipofurahi nilikuwa nimesimama upande wa nani?