Mchoraji wa Mfangano Hakuacha Sahihi

Thomas Baines ana maisha yanayosomeka kama riwaya. Alizaliwa King's Lynn, Uingereza, mwaka 1820. Akafuatana na Livingstone kule Zambezi, akafukuzwa kazi mwaka 1859 kwa tuhuma za wizi alizozikana, kisha mwaka 1862 akarudi huko na kuchora maporomoko yaliyopewa jina la Malkia Victoria. Alifia Durban mwaka 1875. Ukishajua hayo, kila picha yake unaiona kwa macho ya mtu aliyeonewa. Ukungu unageuka uchungu. Mimi nina mashaka na usomaji huo, na mashaka yangu yanatoka kisiwani.

Panda mashua pale Mbita uende Mfangano, Homa Bay, katika ziwa ambalo nalo Speke alilibandika jina la malkia huyohuyo mwaka 1858, ilhali Waluo wana lao: Nam Lolwe. Pale Kwitone na Mawanga kuna michoro ya miamba kwa rangi nyekundu na nyeupe: miduara ndani ya miduara, mingine ina miale kama ya jua. Inahusishwa na Watwa, wawindaji waliokaa huku kabla ya Abasuba kuvuka kutoka upande wa Uganda. Jina la mchoraji? Hakuna. Sasa mhakiki afanye nini bila wasifu? Atazame, basi.

Na ukitazama unaona tofauti kubwa. Baines anakupa maji yenyewe: povu, ukungu, nyati wakitimka ukingoni, vyote vikionekana kutoka pale aliposimama yeye. Mchoraji wa Mfangano hakuchora hata tone moja la mvua, lakini mbele ya michoro yake watu waliomba mvua. Mduara wake hauna mbele wala nyuma, haukuambii usimame wapi. Jicho linaingia katikati, linatoka, linaingia tena. Baines ni fundi hodari, sikatai, ila picha yake ukishaiona umeiona.

Kuna wanaosema hizi ni alama tu, si sanaa. Ati kwa sababu zilikuwa na kazi! Basi na madhabahu za makanisa ya Italia tuzitoe kwenye vitabu vya sanaa. Kule Migori, kuta za Thimlich Ohinga zilijengwa kwa mawe matupu bila udongo wala saruji, zingine zinapita mita 4 kwenda juu, na UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018 bila kudai jina la fundi hata mmoja.

Majina, kwanza, yameleta hasara. Kule Kakapel, Busia, wageni wamekwaruza majina yao juu ya michoro ya kale. Hao ndio waliotaka kukumbukwa.

Kinachonisumbua zaidi ni lugha. Abasuba hawakuichora miamba ya Mfangano, lakini ndio walioirithi, wakaiheshimu na kuizungumzia kwa Olusuba. Leo watoto wengi kisiwani wanakua na Dholuo. Makumbusho ya jamii ya Abasuba yanajitahidi kuhifadhi michoro na simulizi zake, na kati ya hivyo viwili, rangi ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi ya kubaki.