Bepari mmoja au mabepari wote?

Wanafunzi wa sekondari wanaopita kwangu hapa Isevya huja na zoezi lilelile la Kiingereza: jaza nafasi kwa "a" au "the". Wanajaza kwa kubahatisha. Siwalaumu. Kiswahili hakina kineno cha namna hiyo, na hakuna aliyewaonyesha kinafanya kazi gani. Eti ni kanuni, kariri tu.

Mimi huwapa majina mawili ya tamthilia moja. Shakespeare aliiita The Merchant of Venice. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora School kuanzia 1937 na baadaye kufundisha St. Mary's hapa hapa mjini, alitoa tafsiri yake mwaka 1969: Mabepari wa Venisi.

Sasa tazama. Kwa Kiingereza, "the" pamoja na umoja vinamnyooshea kidole mtu mmoja: mfanyabiashara yule, Antonio. Wengi hudhani ni Shylock, kumbe Shylock ni mkopeshaji wa riba. Mwalimu kaweka wingi. Kiambishi ma- kimemwondoa mtu, kimeleta tabaka. Neno lenyewe nalo lina safari yake: bepari limetoka India, na huko ni mfanyabiashara tu. Ila miaka 2 baada ya Azimio la Arusha, nani alilisikia hivyo?

Wapo watakaosema jina limepotoshwa. Sikubali haraka. Portia anapoingia mahakamani anauliza mfanyabiashara ni yupi na Myahudi ni yupi. Yaani tamthilia yenyewe inakiri kwamba kwa macho tu si rahisi kuwatofautisha. Wingi wa Mwalimu umechimbwa humo humo.

Lakini hasara ipo. Jina la Kiingereza linatuacha tukijiuliza: ni yupi? La Kiswahili limeshajibu: wote. Chuki ya Antonio kwa Shylock, ya Mkristo kwa Myahudi, inafunikwa na hukumu ya kitabaka hata kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo naidai tafsiri hii, pamoja na mapenzi yangu yote kwake.

Hata hivyo, jina hilo ni somo la sarufi kuliko mazoezi mia ya kujaza nafasi. Mwalimu alijua Kiingereza kinasema nini pale, ndipo akaamua kusema kingine. Anayebahatisha hawezi kukubali wala kukataa. Anasubiri tu alama ya vema.