Jina la Kuita Jioni

Ukitaka kujua ugomvi wa Nambambo umefika wapi, usiulize mtu. Kaa barazani magharibi ikikaribia, usikilize watu wanavyoita mbwa wao. Ng'ambo ya barabara ya vumbi utasikia Sijali akiitwa arudi. Kwenye mihogo, Mtasema. Bibi mmoja aliyezika waume wawili humwita Yanapita, polepole, kama anayemwita mtu. Simba, Chui na Tomi nao wapo, lakini majina yao hayana kesi na mtu. Sikio huyaacha yapite.

Kata hii ya Nachingwea ni nchi ya mikorosho, ufuta na mbaazi, na usiku ni nchi ya nguruwe pori. Mbwa hapa hafugwi kwa kupapaswa. Analala chini ya dungu la shamba, asubuhi anapata ukoko wa ugali. Mwenyewe anaweza kumnyima nyama mwaka mzima, lakini jina hamnyimi: hulifikiria siku tatu, nne, akilionja mdomoni kabla ya kulitoa nje. Kazi hii mimi naiita ufundi, na sioni haya kuisifu.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ndiyo, maandishi yale tunayaita jina, na mwanamke anayejua mambo huchagua jina la kupita nalo mlangoni kwa mtu. Mwanamume wa shamba havai kanga mbele za watu. Ana mbwa. Naye ana faida moja kubwa: kanga lazima isomwe, jina la mbwa huingia sikioni hata kwa aliyefunga mlango. Anayeitwa ni mbwa, anayesikia ni mwingine, na huyo mwingine hana pa kushitaki. Atamwambia nini mwenyekiti? Kwamba mtu kamwita mbwa wake? Akilalamika, amejitaja mwenyewe.

Lakini fumbo peke yake halitoshi. Jina lazima liitike. Xenophon, yule Mgiriki, aliandika kuhusu uwindaji zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akasema mbwa apewe jina fupi ili aitwe kwa wepesi, kisha akaorodhesha majina 47 ya mfano. Mafundi wa Nambambo hawakumsoma, ila sharti hilo wanalijua kwa koo zao. Kiswahili kimewasaidia: maneno yetu huishia kwa irabu, na irabu huvutika. Sijaliii. Unaweza kuituma sauti hiyo ikavuka bonde na kurudi na mbwa.

Na hii yote inatendeka katika nchi yenye Waislamu wengi, ambako mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu wa mbali angedhani mnyama huyo hastahili kufikiriwa jina. Lakini mbwa wa kuwinda na wa kulinda ana ruhusa yake, na kila aliyepita chuoni amesikia habari za Watu wa Pangoni, waliolala miaka 309 huku mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Kurani haikumtaja jina. Wafasiri ndio waliomwita Kitmiri, na neno hilo katika Sura Fatir ni ule utando mwembamba unaoifunika kokwa ya tende. Kitu ambacho hata ukikimiliki hujamiliki kitu, akapewa jina lake mlinzi wa karne tatu. Sijui jina la mbwa lililofikiriwa kwa kina kuliko hilo.

Ardhi yenyewe ya wilaya hii haikubahatika hivyo. Waingereza walikuja na Mpango wa Karanga mwaka 1947 wakiwa na haraka, na mwaka 1951 mpango ukafa. Mahali ambapo baadaye FRELIMO walifanya kambi yao ya mafunzo pakabaki na jina la Farm 17. Shamba lililobeba ukombozi wa Msumbiji linaitwa kwa namba, na mbwa wa mlinda mihogo anaitwa kwa sentensi nzima. Heshima yangu naipeleka kwa mwenye mbwa.

Jirani mmoja wa mjomba wangu, mzee sasa, alipata mtoto wa mbwa mwaka ambao mpaka wa mikorosho yake ulikuwa na maneno. Akamwita Watachoka. Kila jioni jina hilo liliuvuka ule mpaka, likaingia uani kwa mwenzake wakati ugali unatengwa. Hakutukana mtu hata siku moja. Mwisho wazee walikaa chini ya mwembe, mpaka ukapandwa minyaa, maneno yakaisha. Mbwa hakuisha. Alikuwa na miaka minne, na mbwa wa miaka minne habadilishwi jina. Basi yule mzee akafanya jambo ambalo kwangu ndilo kilele cha ufundi huu: akalikata jina mkia. Akawa anaita "Wata! Wata!" Tazama kilichobaki. Wao bado wamo, siku zijazo bado zimo, kitenzi hakimo. Wata-nini? Kila mtu ajaze mwenyewe.

Mwaka uliofuata bwana mifugo alileta chanjo ya kichaa cha mbwa. Watu wakapanga foleni, mbwa wamefungwa kamba za kila namna, na kila aliyefika mezani alitamka jina likaandikwa kwenye kadi. Zamu ya mzee ikafika.

"Mbwa anaitwa nani, mzee?"

"Wata."

Bwana mifugo akangoja, kalamu juu ya kadi, kama anayejua neno halijakwisha. Nyuma ya mzee, na mbwa wake mkononi, alikuwa amesimama yule mwenzake wa mpakani.

"Mwambie aliandike lote, mjomba," akasema. "Watachoka. Na kweli tulichoka."